Je, Wajua? Vijana na Wafu, Kuanzia Mnazi Hadi Ahera

Je, wajua kwamba mmoja wa waandishi wa Kiswahili waliothubutu kuvuka mpaka wa kifo na kuandika riwaya nzima huko ng'ambo ni mzaliwa wa Lushoto? William Mkufya alizaliwa mwaka 1953. Mwaka 1999 alichapisha Ziraili na Zirani, riwaya ambayo jina lake lenyewe limembeba malaika mtoa roho. Uwanja wake ni kuzimu, motoni na peponi, na mashetani wake wanafikiri na kubishana kama wanasiasa. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuandika juu ya mateso ya binti wa shule jijini Dar es Salaam katika The Wicked Walk (1977), kisha akaileta hadithi hiyo kwa Kiswahili kwa jina la Kizazi Hiki (1980). Mtu huyohuyo, basi, aliandika juu ya vijana na akaandika juu ya ahera. Kitabu kinachoyaunganisha mawili hayo, kijana aliyekufa na bado ana neno la kusema, ndicho ninachokitafuta katika safu hii.

Je, wajua Mnazi iko wapi? Wengi wakisikia Lushoto huwaza baridi, ukungu, plamu na viazi. Mnazi haiko huko juu. Ukishuka kutoka Mlalo kuelekea kaskazini, barabara inajikunja na kujikunjua mpaka unatua kwenye tambarare yenye joto na vumbi. Nyuma yako milima inayozidi mita 2,000 imesimama wima, na mbele nyika inaendelea kuelekea Mkomazi na mpaka wa Kenya. Ni wilaya ileile ya Lushoto, lakini mtu aliyeshuka na sweta kutoka Mlalo atalivua kabla hajafika.

Nchi ya namna hiyo inapenda mkonge. Je, wajua kwamba mkonge wote wa Tanganyika ulianza na miche 62 tu? Mtaalamu wa Kijerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na mwaka 1893 ikafika miche hiyo michache ikiwa hai. Kutokana nayo yakatokea mashamba yaliyoufanya mkoa wa Tanga ujulikane duniani, yakiwemo ya huku chini Mnazi. Mashamba yalihitaji watu. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika la kuajiri vibarua, SILABU, na manamba, kama walivyoitwa vibarua hao, wakasombwa kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Wengi walikuwa vijana wasiojua lugha ya mahali walipopelekwa. Wapo waliomaliza mkataba wakarudi, wapo waliooa wakabaki, na wapo waliozikwa mbali na kila mtu aliyelijua jina la mama yao. Mimi nikiulizwa riwaya ya mzimu ya vijana ingeanzia wapi mkoani Tanga, sitataja jumba la kale la Mjerumani. Nitataja mistari ya mkonge inayokwenda mpaka jicho linachoka, na kijana wa Kiha wa miaka 17 anayeuliza kwa nini hakuna aliyempelekea habari baba yake. Mzimu wa aina hiyo hauhitaji meno marefu.

Je, wajua ni mnyama gani anayepiga ukelele wa kutisha kuliko wote katika misitu ya Usambara? Ni perere. Ana ukubwa wa sungura, anaishi mitini, na wataalamu wa wanyama wanasema jamaa zake wa karibu ni tembo na nguva. Giza likiingia huanza kwa sauti kavu, kama mlango unaosukumwa, kisha sauti inapanda na kupanda mpaka inakuwa yowe la mtu anayekabwa. Asiyemjua ataapa amesikia mfu. Huku chini nyikani kazi hiyo hufanywa na komba, ambaye kilio chake cha usiku ni cha mtoto mchanga kabisa. Mwandishi anayetaka kumtisha msomaji wa Lushoto hana haja ya kuazima mbwa mwitu wa Ulaya.

Na bundi? Hapa nitakaa kidogo. Je, wajua kwamba yupo bundi mkubwa aliyepewa jina la Usambara? Wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1908, na jina lake la kisayansi, vosseleri, linamkumbuka Vosseler, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara ya Mashariki. Anaishi msituni, na watu wengi waliozaliwa katika milima hii hawajapata kumwona. Sifa ya bundi kote pwani na bara ni moja: akilia juu ya paa, kuna msiba. Watu humrushia mawe, wengine humuua.

Sasa weka habari hiyo kando ya nyingine. Kuanzia mwaka 1980, kwa zaidi ya miaka 20, wilaya ya Lushoto ilipigwa na tauni, ugonjwa ambao wengi duniani wanaufahamu kutoka vitabu vya historia ya Ulaya. Wagonjwa walikuwa maelfu, waliokufa walikuwa mamia, na watoto na wanawake ndio walioumia zaidi. Tauni huishi kwa panya na husafiri kwa viroboto wake, kwa hiyo penye panya wengi karibu na watu pana hatari. Bundi, yeye huishi kwa kula panya. Ndege tuliyemfanya tarishi wa kifo alikuwa kila usiku akiwala wabebaji wa kifo chenyewe. Ninaona huzuni kubwa katika jambo hili, na ninaona pia riwaya: binti aliyekufa kwa tauni akirudi kijijini kuwaomba wadogo zake wamwache bundi aishi.

Je, wajua kwamba hadithi ya msichana anayeshuka kuzimu na kurudi imekuwa ikisimuliwa Kilimanjaro, jirani zetu wa upande wa machweo, tangu zamani? Msichana huyo anaitwa Marwe. Yeye na kaka yake walitumwa kulinda shamba la maharage dhidi ya nyani. Jua likawa kali, kiu ikawabana, wakaenda kunywa maji kwenye dimbwi. Waliporudi shamba lilikuwa limekwisha kuliwa. Marwe aliwaogopa wazazi wake kuliko alivyoyaogopa maji, akajitosa.

Chini ya maji alikuta nchi. Alipokewa na bibi kizee, akakaa huko muda mrefu, na kwa hekima yake alikataa kula chakula cha wafu. Hamu ya nyumbani ilipomzidi, bibi alimuuliza anataka nini, moto au baridi. Akachagua baridi. Akaambiwa atumbukize mikono katika chungu, na alipoitoa ilikuwa imejaa bangili. Akatumbukiza miguu, ikatoka na mapambo yake. Akarudi duniani amependeza, akajiwa na wachumba wengi, na akamkubali Sawoye, kijana ambaye ngozi yake mbaya iliwafanya wengine wamkimbie. Waandishi wa Ulaya waliiandika hadithi hii mwanzoni mwa karne ya 20. Mmisionari Bruno Gutmann aliyeishi Moshi alikusanya simulizi nyingi za Wachaga, na Alice Werner alimweka Marwe katika kitabu chake cha mwaka 1933 juu ya visasili vya Wabantu. Kinachonigusa mimi ni chanzo cha safari yenyewe. Mtoto hakuvutwa na jini wala hakurogwa. Aliogopa kipigo kwa kosa la maharage.

Woga huohuo wa mzazi ndio unaoendesha riwaya ya Kitanzania iliyo karibu zaidi na hiki tunachokitafuta. Je, wajua kwamba Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, haiishii kaburini? Wengi wanaikumbuka kwa jinsi ilivyowashtua wakubwa ikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi na mkali, na anamchapa kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anaingia shule ya bweni akiwa haruhusiwi hata kumtazama mwanamume. Anapofika chuo cha ualimu Morogoro uhuru unamwangukia wote kwa mara moja, na mwisho wake ni mbaya: anajiua. Hapo mwandishi mwingine angefunga kitabu. Kezilahabi anaendelea. Baba na binti wanafikishwa mbele ya Mungu na kesi inaanza, Rosa akimshtaki mzazi aliyemlea kwa fimbo.

Fikiria uthubutu huo. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944, na alipoandika alikuwa bado kijana wa chuo kikuu. Katika nyumba nyingi za wakati ule, na za sasa pia, binti hana mahali pa kumjibu baba. Mwandishi alimtafutia mahali hapo, na ikabidi pawe ahera. (Lushoto ndiko kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kinachofundisha watu wa mahakama nchini. Ningependa siku moja wanafunzi wake waisome kesi ya Rosa kama kesi.)

Je, wajua mzimu maarufu kuliko yote katika riwaya ya Kiswahili haukumuua mtu? Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, maiti inakutwa mahali pa matambiko, kila mtu anatetemeka, na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake wanatulia mpaka wanampata binadamu aliyehusika. Muswada wake ulishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la mwaka 1957 na 1958, na kitabu kikatoka 1960.

Je, wajua kwamba Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari pia, aliandika riwaya ambamo babu aliyekufa anarudi kumfuata mjukuu wake? Ni Babu Alipofufuka, ya mwaka 2001. Mjukuu, anayeitwa K tu, ni mkubwa serikalini, na babu hakurudi kumpa baraka.

Je, wajua kwamba mwanafalsafa wa Kenya alitumia maneno mawili ya Kiswahili kueleza wafu wanakwenda wapi? John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alisema mtu akifa hubaki ndani ya Sasa maadamu yupo hai mtu anayemkumbuka kwa jina. Huyo Mbiti alimwita mfu aliye hai. Wa mwisho anayemkumbuka akifa, naye huzama katika Zamani. Mmarekani Kevin Brockmeier aliitegemea fikra hii alipotunga riwaya yake ya mwaka 2006 juu ya mji wa wafu ambao hawaondoki mpaka duniani asibaki wa kuwakumbuka. Wazo lilitoka kwetu, likavuka bahari, likawa riwaya. Na vijana wa manamba wa Mnazi, kwa hesabu ya Mbiti, wako wapi leo?

Je, wajua kwamba ufalme wa Usambara ulianzishwa na mtu ambaye kwa desturi ya kwao alipaswa kuuawa akiwa mtoto? Mbega aliota meno ya juu kwanza. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego na aliaminika kuwaletea ndugu zake kifo. Wazazi wake walimnusuru. Alipokua ndugu walimkatalia urithi, akatoka Ngulu na mbwa wake wa kuwindia, akapanda milimani, na Wasambaa wakamfanya mtawala Vuga kwa ukarimu wake wa nyama na ushujaa wake. Habari hizi zimo katika Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy, mojawapo ya vitabu vikubwa vya nathari ya Kiswahili vya mwanzo, kilichochapishwa upya mwaka 1962. Watoto wangapi wa aina yake hawakunusurika, hakuna kitabu kinachowataja.

Je, wajua kwamba Waingereza wana mvulana wa hadithi aliyelelewa na mizimu makaburini? Anaitwa Nobody Owens, wa kitabu The Graveyard Book cha Neil Gaiman (2008). Kilipata tuzo ya Newbery mwaka 2009 na ya Carnegie mwaka 2010, kitabu cha kwanza kuzitwaa zote mbili. Wamarekani wana Susie wa miaka 14, anayesimulia kifo chake mwenyewe kutoka mbinguni katika The Lovely Bones ya Alice Sebold (2002), na Liz wa miaka 15, ambaye katika Elsewhere ya Gabrielle Zevin (2005) anaanza kurudi utotoni badala ya kuzeeka. Lakini Amos Tutuola wa Nigeria aliwatangulia wote. Mwaka 1954 alimwingiza mtoto wa miaka saba katika msitu wa mizimu akikimbia wawindaji wa watumwa, na mtoto akakaa humo miaka 24.

Je, wajua shule iliyofungwa kwa sababu ya kicheko? Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kicheko kikageuka kilio, kikaenea, na kufikia tarehe 18 Machi wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa na shule ikafungwa. Madaktari Rankin na Philip, walioandika juu yake mwaka 1963, hawakupata sumu wala vijidudu. Mpaka leo wasichana wakianguka na kupiga kelele darasani, watu husema mapepo na huitwa mganga au mchungaji. Ninachojua ni kwamba wanaoanguka huwa karibu kila mara ni wasichana walio mbali na kwao, chini ya sheria kali na mitihani, na mara nyingi hakuna aliyeketi nao kuwauliza. Kelele hizo zina maneno ndani yake.

Je, wajua kwamba nyumba ya kutisha iko katika ushairi wa Kiswahili tangu mwanzoni mwa karne ya 19? Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla wa Pate inautembeza moyo katika majumba yaliyohamwa, ambako madaka yaliyopangwa sahani za kaure sasa yana makinda ya ndege.

Je, wajua kwamba Tongoni, kusini ya Tanga mjini, kuna makaburi ya kale zaidi ya 40, mkusanyiko mkubwa kuliko mahali pengine katika pwani yote hii? Na katika mapango ya Amboni, kilomita nane kaskazini ya mji huohuo, watu bado huingia na sadaka zao kuomba watoto, afya na riziki. Asubuhi unaweza kuwa kwenye makaburi na jioni pangoni, na kote ni mkoani kwako.

Je, wajua kwamba mizimu nayo huibwa? Wamijikenda wa pwani ya Kenya huwasimamishia wazee wao waliokufa nguzo za mti zilizochongwa, vigango, ili roho zipate pa kukaa. Tangu miaka ya 1970 na 1980 nyingi ziling'olewa zikauzwa ng'ambo kama mapambo. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver, Marekani, lilitangaza kurudisha 30. Nani ataandika juu ya kijana wa Kaloleni, huko pwani ya Kenya, anayefuatwa usiku na babu asiye na nguzo?

Je, wajua kwamba riwaya ya vijana ya Kitanzania imekwisha kuuchukua ungo, chombo cha wachawi, na kuugeuza kuwa usafiri wa mtoto? Edwin Semzaba alifanya hivyo katika Marimba ya Majaliwa (2008), akimrusha kijana wake juu ya nchi nzima akitafuta marimba yake. Watoto waliofundishwa kuukimbia ungo walipanda naye. Kama ungo uliwezekana, mzimu pia unawezekana.

Na je, wajua muswada wa namna hiyo unapelekwa wapi? Tangu tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu, hutolewa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Riwaya ni mojawapo ya nyanja zake, na kazi zinazoshinda huchapishwa na kusambazwa shuleni. Shule za Mnazi zimo katika nchi hiyohiyo, na kijana wa huko anaweza kuwa msomaji wake au mwandishi wake.